MAJI MAGUMU NA MAJI LAINI: YAPI YAFAA KUNYWEWA NYUMBANI?



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za miche, magonjwa ya mikarafuu, na namna ya kuanika karafuu zisishike ukungu. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya maji ya kunywa. Sababu yake ni barua tuliyoletewa, na jawabu tulilolitoa kwa haraka, likawa si sahihi. Kwa kuwa kosa lilitoka kwetu, imetupasa masahihisho yatoke kwetu pia, ili faida yake iwafikie wote.

Barua yenyewe yatoka kwa mwanachama mwenzetu wa Wete, mzee ambaye amechuma karafuu tangu utotoni mwake. Baada ya msimu kwisha alikwenda kukaa kwa mwanawe huko Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, ambako kijana huyo ana duka. Mzee wetu ana ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao wengi wetu twauita presha, na daktari amemkataza chumvi nyingi. Nyumba ya mwanawe ina kisima kirefu cha pampu. Maji yake ni safi kuyatazama, lakini birika hushika ukoko mweupe kama chokaa, na mkwewe analalamika kwamba sabuni ya mche humalizika upesi wala haitoi povu.

Akaja muuzaji na chombo cha kulainisha maji. Akawaambia kwamba chokaa ile hugeuka mawe katika figo, na kwamba watu wa milima ya Tarime wana afya kwa sababu maji yao ni laini. Akapima kwa karatasi yake, akasema ugumu wa maji ya kisima ni miligramu 300 kwa lita. Mzee akatuuliza: "Je, mwanangu anunue chombo hicho, nami ninywe maji yake?"

Sisi tulimjibu kwa maneno mawili tu: anunue, anywe. Tulidhani maji laini ni mema kuliko magumu, kama vile kitanda laini kilivyo chema kuliko ubao. Baadaye tulisoma, tukauliza wenye elimu, tukaona kwamba nusu ya jawabu letu ilikuwa na hatari kwa mzee. Tulimpigia simu siku ile ile. Sasa twawaeleza nanyi.

UGUMU WA MAJI NI NINI?

Maji ya mvua yanaposhuka hayana madini ila kidogo sana. Yakiingia ardhini hupita katika udongo na mawe, na kila jiwe huyapa kitu. Yakipita katika mawe ya chokaa huchukua madini mawili hasa, kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye madini hayo kwa wingi ndiyo yaitwayo maji magumu, na yenye kidogo huitwa maji laini.

Wataalamu hupima ugumu kwa miligramu za chokaa katika lita moja. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yasiyozidi 60 huitwa laini. Toka 61 hata 120 ni magumu kiasi. Toka 121 hata 180 ni magumu. Na yapitayo 180 ni magumu sana. Basi maji ya kisima kile cha Mugumu, ikiwa karatasi ya muuzaji ilisema kweli, ni magumu sana.

Sisi watu wa visiwani tusidhani kwamba hayo ni mambo ya bara peke yake. Jiwe la matumbawe ni chokaa. Anayechota kisima katika ardhi ya maweni, upande wa mashariki wa visiwa vyetu, anaujua ukoko wa birika kama anavyoujua mlango wake.

Ugumu nao ni wa namna mbili. Wa kwanza huondoka kwa kuchemsha: moto huifanya chokaa itengane na maji, ikashika pande za birika. Wa pili hauondoki kwa moto hata ukichemsha mchana kutwa. Maji mengi yana namna zote mbili kwa pamoja.

CHOMBO CHAFANYAJE KAZI?

Asili ya chombo hiki ni jambo la kilimo. Mwaka 1850 mkulima mmoja wa Yorkshire katika Uingereza, H. S. Thompson, pamoja na mkemia J. T. Way, walionyesha kwamba udongo hauchuji maji tu, bali hubadilishana nayo. Ukimimina maji yenye mbolea ya amonia juu ya udongo, udongo huishika amonia na badala yake huiachia kalsiamu. Ndiyo sababu mbolea yetu haipotei yote kwa mvua ya siku moja.

Chombo cha kulainisha maji hufanya mabadilishano ya namna hiyo. Ndani yake mna punje ndogondogo za utomvu uliotengenezwa kiwandani, nazo zimebeba sodiamu. Sodiamu ndiyo moja ya vitu viwili viundavyo chumvi yetu ya jikoni. Maji magumu yakipita, punje hushika kalsiamu na magnesiamu, na kwa kila chembe moja inayoshikwa, chembe mbili za sodiamu huingia majini.

Mfano wake ni kituo cha kununulia karafuu. Karani hupokea gunia, hutoa fedha. Gunia likiingia, fedha hutoka. Na fedha zikiisha, hawezi kupokea tena mpaka aletewe nyingine. Chombo nacho kikiisha sodiamu hakilainishi tena, na ndipo hutiwa maji ya chumvi ili punje zisafishwe na kujazwa upya. Kwa hiyo mwenye chombo hununua chumvi siku zote, na sehemu ya chumvi hiyo, yaani sodiamu, huingia katika maji yake.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani chombo huondoa kitu na kuacha maji matupu. Kumbe huondoa kitu kimoja na kuweka kingine.

HESABU YA CHUMVI

Tufanye hesabu, maana bila hesabu maneno ni upepo. Kila miligramu 1 ya ugumu inayoondolewa huacha majini sodiamu ya miligramu 0.46, yaani karibu nusu. Kwa maji ya ugumu wa 300:

300 × 0.46 = miligramu 138 za sodiamu katika kila lita.

Mzee akinywa lita 3 kwa siku, pamoja na chai na uji, atapata miligramu 414, nazo ni sawa na gramu 1 ya chumvi hivi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asipitishe sodiamu ya miligramu 2,000 kwa siku, yaani chumvi ya gramu 5, ambayo haijazi kijiko kimoja cha chai. Basi maji pekee yatakuwa yamekula sehemu moja katika tano ya haki yake, kabla hajaonja mchuzi, wala mkate, wala samaki mkavu.

Kwa kijana mwenye afya, kiasi hicho si jambo la kutisha, wala hatutaki kumwogopesha mtu bure. Lakini kwa mwenye presha, au mgonjwa wa moyo au wa figo, aliyeambiwa na daktari ahesabu chumvi yake, ni jambo kubwa. Amekatazwa chumvi katika mchuzi, kisha anainywa katika kikombe! Tena hataijua, kwa sababu ulimi wa watu wengi hauonji sodiamu mpaka ifike karibu miligramu 200 kwa lita. Wala kuchemsha hakusaidii: mvuke huondoka, sodiamu hubaki.

Kadhalika mtoto mchanga. Maziwa ya mama ndiyo bora katika miezi sita ya kwanza. Lakini anayelazimika kunywa maziwa ya kopo yasikorogwe kwa maji yaliyolainishwa, kwa kuwa figo zake bado ni changa. Nyumba ile ya Mugumu ina mjukuu wa namna hiyo, na tulipojibu kwa haraka hatukuwa tumeuliza.

JE, CHOKAA NI UGONJWA?

Muuzaji alisema chokaa ya maji huwa mawe katika figo. Neno hili limeenea sana, bara na visiwani, na kwa kulitazama lina mantiki: ukoko wa birika ni mgumu, na jiwe la figo ni gumu. Lakini uchunguzi haujathibitisha kwamba maji magumu ndiyo yaletayo mawe hayo. Sababu iliyo wazi zaidi ni mtu kunywa maji machache huku anatoka jasho jingi. Anayeogopa maji magumu akapunguza kunywa, ajikaribishia kile anachokikimbia.

Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa ajili ya afya. Na madini hayo mwili wayahitaji. Ikiwa ugumu wote wa 300 ni kalsiamu, kila lita ina miligramu 120, na mtu mzima huhitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku. Lita 3 za maji zampa zaidi ya theluthi, bila malipo. Hakika chakula ndicho kitoacho sehemu kubwa, na watu wa Mara wamejaliwa humo: maziwa, dagaa wa Ziwa Viktoria wanaoliwa na miba yao, na ugali wa wimbi, nafaka yenye kalsiamu nyingi. Lakini mzee asiye na hamu ya chakula asidharau kile kilichomo katika kikombe chake.

Wako pia walioshuku kwamba maji laini yana neno na moyo. Mwaka 1957 Kobayashi wa Japani aliandika kwamba vifo vya kiharusi katika nchi yake vinafuata aina ya maji ya mito. Na mwaka 1960 Schroeder wa Marekani akaandika kwamba mahali penye maji laini palikuwa na vifo vingi zaidi vya moyo. Wengine waliochunguza baada yao hawakukubaliana wote. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kizima juu ya madini haya mwaka 2009, na bado halikuweka sheria ya kiasi. Basi tusiseme maji magumu ni dawa ya moyo. Tuseme tu kwamba si sumu, wala hakuna sababu ya kuyakimbia.

Hasara yake ya kweli iko katika mfuko. Hula sabuni, huziba mabomba, na birika lenye ukoko hutumia kuni au umeme mwingi zaidi. Ukoko huo huondoka kwa siki au maji ya ndimu yakilazwa usiku mmoja.

ULAINI SI USALAMA

Sasa tuje kwenye neno la pili la muuzaji, kwamba maji ya Tarime ni mema kwa sababu ni laini. Tarime ni nchi ya milima na mvua nyingi, mpakani na Kenya, na maji ya mvua na ya chemchemi nyingi za milimani hutoa povu upesi. Lakini povu halitwambii ila habari ya chokaa. Liko kimya juu ya mambo matatu yaliyo makubwa zaidi.

La kwanza ni vijidudu. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara huingia katika maji laini sawasawa na magumu. Anayechota katika Mto Mara, unaotoka misitu ya Mau nchini Kenya ukapita mbuga za wanyama mpaka ziwani, au mwenye bomba la mji wa Mugumu litokalo bwawa la Manchira, yampasa achemshe au atie dawa, hata sabuni ikitoa povu kama maziwa.

La pili ni floridi. Mkoa wa Mara ni mmoja wa mikoa ya kaskazini ambayo baadhi ya visima vyake vimekutwa na floridi nyingi. Kidogo chake huimarisha meno. Ikizidi huyatia madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: kalsiamu huizuia floridi isiyeyuke kwa wingi. Kwa hiyo maji ya kisima yaliyo laini kwa asili, yenye magadi na kalsiamu kidogo, mara nyingi ndiyo hubeba floridi nyingi. Sabuni itatoa povu zuri, na meno ya mtoto yataharibika. Chombo cha kulainisha hakiondoi floridi, na kuchemsha huizidisha. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoa wa Arusha, wataalamu wa Wizara ya Maji hutumia mkaa wa mifupa ya wanyama kuipunguza.

La tatu ni sumu za migodi. Mwezi Mei 2009 huko Nyamongo, wilaya ya Tarime, maji ya asidi ya mgodi wa dhahabu yalivuja yakaingia Mto Tigithe, na wanakijiji wakalalamika sana. Na wachimbaji wadogo mahali pengi hutumia zebaki. Akaaye karibu na machimbo asipime maji yake kwa povu. Chombo cha kulainisha hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Twaongeza neno moja kwa akina mama. Maji magumu huchelewesha maharage kuiva, na kwa hiyo wengi hutia magadi. Magadi ni sodiamu ile ile, na baadhi ya magadi ya kaskazini yana floridi nyingi. Ni afadhali kuyaloweka maharage usiku kucha, na kuyapika kwa maji ya mvua yakipatikana.

KUJARIBU NYUMBANI

Twaa chupa mbili zenye vifuniko, zilizo sawa. Moja itie maji ya mvua mpaka nusu, ya pili maji ya kisima kwa kiasi hicho hicho. Kwangua sabuni ya mche, utie kiasi kilicho sawa katika kila chupa. Usitumie sabuni ya unga, kwani nyingi zimetengenezwa ili zishinde ugumu. Tikisa mara thelathini. Maji laini yatatoa povu refu lenye kudumu. Maji magumu yatatoa povu fupi, na utando mweupe utaelea. Jaribio hili lakwambia habari ya ugumu peke yake. Habari ya floridi, zebaki na vijidudu haipatikani ila kwa maabara.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Mwenye maji magumu anaweza kuyanywa bila hofu, ikiwa yametiwa dawa au kuchemshwa na kuachwa yatulie, na kama hayana chumvi au floridi nyingi.

2. Anayetaka kuokoa sabuni akinge maji ya mvua kwa bati na pipa lenye kifuniko, aoshee. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi aiache ipite.

3. Anayenunua chombo cha kulainisha akiweke katika bomba la kufulia na kuogea tu. Bomba la jikoni libaki na maji yake ya asili.

4. Mwenye presha, mgonjwa wa moyo au figo, na mtoto mchanga wa maziwa ya kopo, wasinywe maji yaliyolainishwa kwa chumvi mpaka daktari aseme.

5. Anayechimba kisima kipya apime maji kabla ya kuyazoea. Bara aulize ofisi ya RUWASA ya wilaya yake au maabara ya Wizara ya Maji. Kwetu aulize Mamlaka ya Maji Zanzibar.

6. Maji yaliyolainishwa kwa chumvi, na hasa yale ya kusafishia chombo, yasimwagiliwe kitalu cha mikarafuu. Sodiamu hufunga udongo, na mche huungua ncha za majani.

Mwisho, habari za mzee wetu. Mwanawe alikwisha kununua chombo kwa kufuata barua yetu, na mzee alikuwa ameyanywa maji yake siku kumi na moja. Sasa fundi ametenga mabomba: la kufulia lapita katika chombo, la jikoni halipiti. Mkwewe anafua kwa raha, mjukuu anakorogewa maziwa kwa maji yaliyochemshwa tu, na mzee amerudi kliniki kupimwa presha. Chupa ya maji ya kisima imepelekwa maabara ipimwe floridi, jambo ambalo muuzaji hakulitaja wala sisi hatukulikumbuka. Majibu yakija tutayaandika hapa.

Twamwomba radhi mzee wetu. Na twawaomba ninyi nyote mkituandikia habari ya afya, mtutajie ni nani aliyemo nyumbani, umri wake na maradhi yake, ili nasi tuulize wenye elimu kabla ya kujibu.

Katibu wa Chama